Usiishie Mstari wa Kwanza

Duka la Saa,
S.L.P. 114,
Jumatatu, tarehe 10 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile goti limeacha ukaidi wake. Je, bado wanakupandisha ngazi na mashuka ya hoteli nzima, au msimamizi mpya amekuwa na utu kidogo? Na yule jirani yako anayepika mlango ukiwa wazi ili nawe unuse, bado hajakukaribisha hata siku moja? Mwambie kwetu hilo ni kosa la kufungwa jela.

Sisi hapa afya ni njema. Kifua cha Baba kimetulia. Mimi nakula na nalala. Nayasema haya kwanza ili ukifika huko mbele usidhani naumwa.

Sanduku limefika. Kinyozi wa jirani na duka ndiye aliyelipandisha hadi kwetu ghorofa ya tatu, kalibeba kichwani magurudumu yakitazama juu, huku akilalamika kwamba kitu chenye miguu kingepanda chenyewe. Ni zuri mno, Shangazi. La bluu, kama nilivyokuwa nikikwambia tangu nikiwa mdogo. Nimeiona na taulo uliyodarizi herufi ya jina langu pembeni, isije ikapotea bwenini. Nikaikunja, nikairudisha ndani, nikalisukuma sanduku chini ya kitanda. Halikuenea. Limebaki nusu nje, na kila asubuhi naligonga kwa kidole cha mguu.

Shangazi, sikupata ule ufadhili.

Nimeandika sentensi hiyo, nikaweka kalamu chini, nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuambiwa. Ningekwambia kwa simu, lakini kila ukipiga Baba hukaa ubavuni kwangu akitabasamu, akinifanyia ishara nikueleze habari za chuo.

Najua unajiuliza furaha aliyokupigia simu nayo ilitoka wapi. Barua ya chuo ilikuja dukani, kwa kuwa anwani yetu ni ya duka. Unamjua kaka yako. Tangu miwani yake ivunjike hasomi kitu bila ile lenzi anayoibana jichoni anapofungua saa, na lenzi yenyewe humwonyesha maneno mawili matatu kwa wakati mmoja. Basi akaanza: Tunakupongeza kwa kufika hatua ya mwisho. Hapo hapo lenzi ikamdondoka. Nilivyohadithiwa, alitoka nje na bisibisi mkononi, akamwita kinyozi, akamwita fundi viatu, kisha akakupigia wewe. Aya ya pili hakuifikia.

Mimi nilikuwa kazini kwangu, kwenye duka la rangi. Nilipofika jioni nikakuta watu wamesimama wananipigia makofi. Nikaisoma barua pale pale, mkono wa kinyozi ukiwa begani kwangu. "Hata hivyo," ndivyo inavyoanza aya ya pili, "nafasi zilikuwa kumi na mbili tu." Sikuwa na haja ya kuendelea, ila niliisoma yote hadi sahihi. Baba akanyoosha mkono, nikamrudishia.

"Umeona?" akaniuliza. "Si nilikwambia mimi?"

"Uliniambia, Baba."

Huenda unasema, mtoto huyu kwani hana ulimi? Shangazi, tangu Mama atutoke sikuwahi kumsikia Baba akipiga mluzi. Siku ile aliupiga njia nzima hadi nyumbani, hata kwenye ngazi, pamoja na kifua chake kile. Nikajiambia kesho nitamweleza. Kesho ikafuatwa na kesho nyingine, na hii ni wiki ya nne.

Kazini nako kungekuwa na kichekesho kama yangekuwa yanampata mtu mwingine. Bosi alipopata habari alinikumbatia, na Jumatatu yake akaleta msichana wa kushika nafasi yangu. Mimi ndiye ninayemfundisha kazi. Namwonyesha kuchanganya rangi, kwamba tone la nyeusi lisizidi moja, na kwamba mteja akisema anataka nyeupe ya kawaida amwonyeshe kwanza zote sita tulizonazo. Anashika haraka, sina hata la kumlaumu. Mwisho wa mwezi naaga. Ninakokwenda sikujui.

Usaili ulikwenda vizuri, na nadhani hapo ndipo penye kidonda. Ningekuwa nimeboronga ningejisema siku mbili nikapumzika. Kulikuwa na mama mmoja kati ya wasaili, mpole, akaniuliza nitafanya nini nisipochaguliwa. Nikamjibu kwa utulivu kwamba nitafanya kazi mwaka mmoja, nitasoma jioni, kisha nitaomba tena. Akaafiki kwa kichwa, akaandika. Nililijibu vizuri namna ile kwa sababu sikuamini kwamba litanifika.

Nimekuwa mpweke, Shangazi, sikufichi. Mtu akifiwa watu huja kukaa naye. Mimi wanakuja wakicheka, wananipa mkono, wananiita Profesa, na wakiondoka nabaki peke yangu kuliko walivyonikuta. Siku hizi napita njia ya nyuma, ya mapipa ya taka, ili nisimpitie fundi viatu, maana ameapa kunitengenezea viatu vya kuondokea na kila siku anataka kunipima mguu. Nikirudi nakaa sakafuni, nimeliegemea sanduku lako. Angalau lenyewe haliniulizi naondoka lini.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Siku chache baada ya shangwe ile, Baba aliiweka barua chini ya kioo cha meza yake ya kazi, wateja waione. Nilipoiona moyo ulinilipuka, kisha ukatulia: ilikuwa imekunjwa, inayoonekana ni aya ya kwanza tu. Nikashukuru bahati yangu, nikaenda zangu.

Alhamisi iliyopita nilimpelekea chakula cha mchana nikakuta amevuka kumrudishia kinyozi saa yake ya ukutani. Nikakaa kwenye kiti chake kumsubiri, nikaitazama tena ile barua. Mkunjo umepita sawasawa juu ya "Hata hivyo". Haukugusa herufi hata moja. Umenyooka, umekandamizwa kwa ukucha, kama anavyokunja vile vikaratasi vya kufungia vipuri. Mtu hawezi kuukwepa mstari kwa usahihi ule kama hajausoma.

Anajua, Shangazi. Amejua karibu muda wote huu.

Aliporudi akala chakula chake, akafuta mdomo, akasema, "Ukifika huko chuoni usiwe unalala na njaa." Nikasema, "Sawa, Baba." Nilipokuwa natoka akaanza kupiga mluzi. Nikasimama nyuma ya mlango. Mluzi ukakatika katikati, nikasubiri sana, haukuendelea.

Ndivyo tunavyoishi, watu wawili vyumba viwili, kila mmoja anamfichia mwenzake jambo lilelile. Yeye anaogopa nitavunjika moyo mbele yake. Mimi naogopa atanyamaza tena, kama alivyonyamaza mwaka ule wa Mama. Unakumbuka alifungua duka siku ya nne baada ya maziko, na tangu hapo hajalifunga hata mara moja kabla ya jua kuzama, awe na wateja asiwe nao. Simlaumu. Najua ndiko anakojificha.

Kuhusu sanduku, ukitaka nilirudishe nitalirudisha, na taulo yake. Lakini ningependa kuomba tena mwakani. Nimeliandika hapa makusudi nione kama safari hii naliamini. Naliamini kidogo.

Barua hii, kama desturi yetu, naiacha wazi juu ya meza ya duka ili Baba aongeze mstari wake chini kabla ya kuifunga kwa ule utepe wake wa kijani, maana gundi ya bahasha haiamini hata kwa dawa. Unaujua mstari wenyewe, miaka yote ni ule ule: "Sisi wazima, hofu ni kwenu." Husoma salamu za mwanzo, akaona inatosha, akaruka hadi mwisho kuandika.

Na wewe Baba, najua umeruka. Rudi juu. Chukua lenzi yako usome neno moja moja, usiishie mstari wa kwanza. Leo Jumatatu sikwenda kazini. Niko nyumbani.

Shangazi, nisalimie binamu zangu wote wawili, yule mrefu na yule anayejiona mrefu. Nisalimie na bibi mwenye nyumba wenu, mwambie nasikia amepunguza kufoka. Mungu akulinde kwenye ngazi zote unazopanda, na akupe japo siku moja ya kulalia wewe hayo mashuka.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa sina habari njema.

Dada, ni mimi nduguyo. Niliruka kweli, nikarudi juu, nimesoma yote. Ile barua nyingine pia niliisoma yote siku ya pili yake, nikakosa pa kuanzia kumshika mtoto. Sanduku usilidai, atalitumia mwakani. Sasa ni saa nne asubuhi. Nafunga duka, naenda nyumbani.