Shangazi na Swichi ya Jikoni

Kamwene, Tumaini mjukuu wangu,

Juzi simu ilikatika sijamaliza. Sisi huku Njombe wazima, mama yako kavuna mahindi, ng'ombe kazaa. Basi uliniuliza, kompyuta inafikirije wakati ndani ni swichi tupu?

Enzi za Mwingereza, shangazi yangu alikuwa mpishi wa tajiri mmoja wa duka Makambako, mimi namsaidia. Babu yako, fundi kijana, akafunga taa kwa betri ya lori. Swichi mbili, dukani na jikoni, ili uwashe popote. Ikawaka. Kesho yake giza! Tajiri akamfokea fundi, "Isipowaka leo, rudi kwenu Kichiwa!" Na mimi nimeshampenda huyo fundi, jamani!

Nikamtazama shangazi. Kila akitoka jikoni alifukia moto kwa majivu, kama kwetu, kisha akazima swichi nayo. "Moto hauachwi wazi," anasema. Nikamnong'oneza fundi, akacheka. Kumbe swichi zote alikuwa kaziweka kwenye waya mmoja, kwa hiyo moja ikikataa, yaani ikizimwa, taa haiwaki. Akaipa kila moja waya wake. Sasa hata moja ikikubali, inawaka.

Nadhani kompyuta yako ni hivyohivyo, pengine lazima zote zikubali, pengine moja inatosha, ila swichi ni nyingi mno, na kila moja inasikiliza wenzake.

Ee, babu yako anapiga kelele bafuni: "Nani kazima taa na mimi nimo?" Ni mimi, huu mkono nimeurithi kwa shangazi! Ngoja nikawashe.

Bibi yako