Sentensi Mbili Kuhusu Baba

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Mbwawa tu wazima, babu yako anapalilia mihogo. Unauliza kwa nini mwalimu wa Kiingereza anakulazimisha kuunganisha sentensi wakati zako fupi ni sahihi.

Nikiwa shule Kisarawe niliandika: Baba aliuza ng'ombe. Mama aliondoka. Mwalimu akasema niziunganishe, nikaandika kwamba mama aliondoka kwa sababu baba aliuza ng'ombe.

"Nani kakwambia, binti?" mwalimu akauliza.

Jioni nikamuuliza baba.

"Mama yako alitangulia kuondoka," alisema. "Ng'ombe niliuza nipate nauli ya kumfuata."

Nilikuwa nimemnunia miaka miwili kwa ajili ya ng'ombe hao. Nikamtengea chakula, nikakaa nikala naye.

Nakuombea heri,
Bibi yako