Fundo la Nyasi

Ushirombo, Mei 1936

Wewe Leodgar, mjukuu ninayekuita mume wangu, huna haya! Nani alikuambia ngitili, mbuga yetu ya akiba, ni ya babu yako, hata ukawaahidi wenzako wa mgodini Geita nyasi za kuezekea? Babu yako alifunga fundo la nyasi njiani ili watu wajue mbuga imefungwa mpaka kiangazi. Alikuwa mlinzi tu. Mbuga ni ya kijiji kizima, na ya korongo wanaotaga humo.

Watu wako walifika na miundu, wakalikata fundo. Mkeo Coletha akaketi mbele yao na mimba yake. "Anzeni na mimi, baba zangu." Mmoja akasema, "Huyu mama hatumuwezi," wakaondoka.

Jana nimeona makinda wawili wa korongo wakimfuata mama yao. Tangu mbuga ya ng'ambo ilimwe pamba, nilidhani sitawaona tena. Nimelia kwa furaha, mtu mzima mimi. Namshukuru Mungu, namshukuru Coletha, na wewe nakushukuru kwa moja tu: ulituolea mke mwenye akili.

Sasa njoo kabla ya Jumapili. Fundo utalifunga wewe mwenyewe, kijiji kizima kikitazama.

Bibi yako,
Anisia