Nafasi Chini ya Jina la Silvanus

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Upepo siku nzima. Vumbi la Voi na vumbi la jiwe — jioni nikikohoa sijui nakohoa lipi. Mkono wa kulia unauma kuanzia kiwiko. Nimeupaka dawa. Binti yangu Rita amenipigia simu kutoka chuoni Mombasa, nikamwambia niko sawa.

Asubuhi nilichora vioo vya lori la Musyimi, yule dereva wa Maungu. Vyote, hadi vile vya pembeni. Wezi wa pale malori yanapolala wamemchosha. Namba ya gari kila kioo. Anasema kioo kikiwa na namba, hata kikiibwa kinajua kwao. Halafu sufuria za kina mama wa kanisa, maana msibani sufuria isiyo na jina hairudi. Watu hudhani kazi yangu ni makaburi tu. Kazi yangu ni kuchora vitu ili virudi kwa wenyewe.

Saa kumi akaja Elijah, shemeji yangu, na pikapu ya kuazima. Nyuma kuna bamba la granaiti nyeusi, limefunikwa gunia. Ni la Silvanus. Mwaka unatimia tangu tumzike mume wangu kule Rukanga, na ukumbusho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nilishasema jina lake nitalichora kwa mkono wangu. Sikutaka fundi mwingine amguse. Hilo silijutii.

Lakini Elijah alikuwa na jambo lingine. Familia imekaa ikakubaliana: jina la ndugu yake juu, langu chini yake. Tarehe yangu ya kuzaliwa, kistari, halafu nafasi.

Nafasi ya nini, nikamuuliza. Na mawe ya namna hiyo nimeyachora mengi tu, nikiambiwa na wateja, bila kuuliza.

Akaangalia viatu vyake. "Shemeji, si unajua. Ya baadaye."

  Nilimsaidia kukunja gunia.

Jumanne, 5 Agosti

Vijana wa gereji wamenisaidia kulisimamisha jiwe. Zito kama dhambi, wakasema, wakacheka, wakaenda.

Nimepiga mistari ya chaki. SILVANUS MWAKIO. Jina refu, linahitaji kupimwa vizuri ama N na U zinabanana. Nimelichora kwa chaki nikalifuta, nikalichora tena. Silvanus hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu wa kukaa, basi. Alienda Taveta kununua mahindi ya kuuza, akabaki Njukini na mwanamke mwingine mpaka Rita akamaliza shule ya msingi na sekondari bila baba. Aliporudi miguu ilikuwa imevimba. Nikampokea. Nikamwosha, nikamlisha, nikafunga kibanda siku ambazo hakuweza kugeuka mwenyewe. Alipokufa nililia na sikuwa naigiza.

Lakini kumlilia mtu ni kitu kimoja. Kulazwa kando yake milele, tena niambiwe leo, ni kitu kingine.

Elijah jana akiondoka alisema, ndivyo ilivyoandikwa, shemeji, mke na mume. Iliyoandikwa na nani? Jiwe liko kwangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Bi Rukia wa kibanda cha pili ana bibi arusi tangu asubuhi. Anamchora hina mikono yote hadi juu ya kiwiko. Alipopumzika akaja kunywa chai kwangu, vidole vyeusi, akaniambia, "Kazi yako, mwanangu, yaumiza mkono. Yangu mimi haimalizi mwezi, ishatoka." Alisema kama mtu anayejivunia.

Huku neno ni hilo hilo moja, kuchora. Mtoto anachora paka kwenye mchanga. Sorovea anachora mpaka, watu wanaanza kushtakiana. Bi Rukia anachora hina. Mimi nachora jiwe. Ila mwenye kalamu anaongeza wino, na mwenye hina anaongeza rangi, na mimi siongezi kitu. Naondoa. Jina la mtu kwenye jiwe ni mahali ambapo jiwe limetolewa. Sijui kwa nini sikuwahi kuliwaza hili, na hii kazi nimeifanya tangu Rita yuko mgongoni.

Bi Rukia akaona pale chini ya jina la Silvanus pako wazi. Nikamweleza.

"Hata. Mtu yu hai, aandikwaje kaburini?" Halafu akanitazama. "Nawe wawaambia nini?"

Sijawaambia kitu, nikasema.

"Basi watajijibia wenyewe."

Alirudi kwa bibi arusi wake. Nimechora S na I. Mkono ukakataa zaidi ya hapo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia Rita kwa simu. Akasema: "Mathe, kataa tu. Lakini usingoje siku yenyewe mbele ya pastor na watu wote, utajichora." Nikacheka. Mara ya kwanza wiki hii. Hata hawa watoto na Kiswahili chao cha mitaani wanajua kwamba kuchorwa ni aibu.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani hutaki kulala na daddy?"

Nilisema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Ukweli ni kwamba siendi popote. Hakuna mwanamume. Hakuna mahali pengine ninapopataka. Ndiyo maana kukataa ni kugumu, sina la kuonyesha. Ninataka tu jina langu libaki kwangu wakati bado naitwa nalo.

Jumapili, 10 Agosti

Rukanga. Nimeenda kuwaambia uso kwa uso, nikitoka kanisani. Mlima Kasigau umevaa wingu lakini chini kukavu, mahindi yamekauka yakiwa mafupi kama yameadhibiwa. Mke wa Elijah amepika kimanga cha muhogo na maharagwe. Nimekula vizuri, nilikuwa na njaa. Nilikuwa nimejipanga kusema baada ya chakula.

Mama mkwe akanitangulia. Akachukua fagio, akasema nimsindikize makaburini. Anatembea polepole sasa, anasimama kama anaangalia mbuzi kumbe anapumua.

Kaburi la Mzee, baba yake Silvanus, ni la saruji. Halikuchorwa na fundi. Mtu aliandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi, herufi zinapanda zinashuka. MZEE JOTHAM MWAKIO. Chini yake: MAMA ELIJAH, kistari, na nafasi. Nimepita pale miaka yote hii. Leo ndiyo nimesoma.

Mama hajui kusoma. Lakini alipofika pale chini aliacha fagio akafagia kwa mkono, taratibu, akiizunguka ile nafasi.

Nikasema yote. Kwamba Silvanus nitamchora vizuri kuliko jiwe lolote la Rukanga. Kwamba jina langu sitaki. Sikulia. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kulia.

Akasema, "Si Elijah aliyetaka. Ni mimi."

Akaliokota fagio, akaendelea.

"Mimi nikifa, Wakesho, nani atasema wewe ni wa hapa? Elijah ni mpole, lakini vijana wake wamekua, wanataka kujenga. Watasema ulikuwa na kibanda chako Voi, hukukaa. Watasema Silvanus alikuwa na mke Njukini. Wewe huna mtoto wa kiume. Basi nikasema jina liwe kwenye jiwe. Jiwe halioni haya, litawajibu."

Kumbe alikuwa ananilinda. Nimerudi Voi mzigo umezidi. Elijah ningemkataa na usingizi nikapata. Mama nitamkataaje? Na tena ana haki. Nyumba yetu ya Rukanga niliipaka udongo mimi. Nikiwa mzee na mkono huu umekufa, nitaenda wapi?

Jumatano, 13 Agosti

Stima zilipotea juzi na jana, mashine ikalala. Nimemaliza kwa patasi na nyundo, kama zamani. SILVANUS MWAKIO. Kuzaliwa, kistari, kufa. Limetoka zuri. Ile O ya mwisho ni mviringo kamili, na kwa patasi O ndiyo humwaibisha fundi. Nilikaa nikaiangalia. Nikamwambia, haya baba, umekaa sasa.

Halafu nikachukua chaki nikaandika chini, nione tu. RISPER WAKESHO. Tarehe. Kistari. Nafasi.

Niliangalia nafasi kuliko jina. Ndogo. Nilikuwa nimeipima kwa mkono wa kazi, bila kufikiri, inatosha herufi za mwezi wowote.

Nikafuta kwa kitambaa kibichi. Nikaandika tena. Kabla sijafuta akaingia mteja, mwalimu wa Mwatate, anataka bamba la mlango. Akasoma jiwe. "Pole sana. Hawa ni watu wenu?"

Nikasema ndiyo.

"Na huyu mama bado yupo?"

Nikasema yupo, ila amechoka. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikugusa jiwe. Elijah amepiga simu, anauliza kama liko tayari, atalifuata kesho saa kumi walipandishe kaburini kabla ya giza. Nikasema liko tayari.

Jina langu nitalichora. Nimeamua. Kesho asubuhi, haraka, nisiliangalie. Ni herufi tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikulichora. Asubuhi nilishika patasi kwenye mguu wa R, nikaishusha bila kupiga nyundo. Nikasingizia kiwiko. Nikafuta chaki, nikaosha vyombo.

Saa tisa na nusu pikipiki ikasimama nje, na Mama akashuka. Mama mkwe wangu, juu ya pikipiki, ameshika kikapu cha muhogo mapajani! Hajafika Voi tangu alipolazwa hospitali. Amepanda pikipiki hadi Maungu, kutoka Maungu akapata gari la Voi, na kutoka stendi pikipiki hii nyingine. Elijah hajui. Alimwambia anaenda kwa jirani.

Hakutaka soda. Alikaa kwenye kigoda changu mbele ya jiwe. Akapitisha kidole ndani ya herufi za mwanawe, moja moja, mpaka ile O. Halafu akashusha mkono. Chini pako laini.

"Hapa hujachora."

"Hapana, Mama. Nachora sasa hivi. Kaa kidogo."

"Kaa wewe."

Nikakaa chini, kwenye vumbi.

"Tangu Jumapili sijalala vizuri," akasema. "Mimi siku ya kumzika Mzee hawakuniuliza. Nilikuwa chumbani na wanawake, kanga kichwani. Nilipotoka saruji ilikuwa imekauka. Wakaniambia, hapa ndipo wewe. Nikasema asanteni. Na kila nikienda kufagia, naona nangojwa." Akasugua magoti. "Nikataka na wewe ungojwe. Nilidhani nakupa kitu."

Nikasema alikuwa ananipa. Nikasema najua.

"Niweke mimi hapo."

Sikuelewa. Akagonga jiwe kwa kidole, pale palipo wazi. Nikamkumbusha kwamba nafasi yake iko kwa Mzee, imeandikwa, watu wameizoea.

"Mzee nilimpikia," akasema. "Huyu nilimzaa."

Na nyumba yangu, nikauliza. Niliona haya kuuliza, lakini niliuliza, maana ndiyo hofu yenyewe. Akasema kesho watu watakuwa wamejaa, na mchungaji, na wale vijana wa Elijah. Atasimama aseme mwenyewe nyumba ile ni ya nani, kila mtu asikie. "Mdomo bado ninao. Nilikuwa nakimbilia jiwe kwa nini?"

Sijui kama watamsikiliza. Sijui Elijah atasema nini akiona. Pengine atasema tumeungana kumfanya mjinga. Pengine vijana watangoja afe, kama alivyosema Jumapili. Neno la mdomo nalo hufutika. Haya yote nimeyafikiri na bado nikainuka nikachukua chaki.

Ndipo nikakwama.

Nilipoolewa niliambiwa na shangazi zake Silvanus: jina la mama mkwe halitoki mdomoni mwa mke wa mwana. Ni heshima. Kwa hiyo sikuwahi kulitamka, na kwa sababu sikulitamka, sikuwahi kuuliza. Kwa Mzee wameandika MAMA ELIJAH. Kanisani ni Mama Elijah. Miaka yote hii namwita Mama. Nimechora majina ya nusu ya Voi, na la huyu silijui.

"Mama," nikasema, "niandike nani?"

  Akaangalia barabarani, malori yanapita. Akasema ngoja kwanza, mwanangu. Jina hilo lina muda halijaitwa. Akaomba maji anawe uso, ana vumbi la njia, hawezi kulisema na vumbi.

Amekwenda nyuma ya kibanda na jagi langu. Naandika haya hapa juu ya meza ya kazi, chaki bado iko mkono wa kushoto. Pikapu imefika, imesimama barabarani, Elijah na vijana wake wawili ndani. Bado hajui nani yuko nyuma. Anapiga honi.

Namsikia Mama akilijaribu peke yake, kwa sauti ya chini. Anaanza, anaacha. Anaanza tena. Sijalipata vizuri.

Elijah anapiga honi tena. Apige.