Watu wa Kwanza wa Idjwi

Saint Louis Park, 4 Machi 2023

Mama yangu mpendwa,

Jambo sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa na mvua haijabomoa ukuta wa jikoni. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu. Theluji bado ipo, nimeichoka. Kila asubuhi naifagia juu ya gari kabla ya kwenda kazini Eden Prairie kuhudumia wazee wangu.

Nina habari nzuri. Kanisa letu linatuma wageni Idjwi mwezi wa saba, na pasta aliniomba nisimame nieleze kisiwa chetu. Ungeniona, Mama! Niliwaonyesha kwenye ramani Ziwa Kivu, Kongo huku, Rwanda kule, na sisi katikati kama muhogo kwenye sufuria. Niliwaeleza jinsi vita vilivyopita kushoto na kulia vikatuacha. Nikawaambia juu ya wafalme wetu, mwami wa kaskazini na mwami wa kusini, mananasi, kahawa, samaki wetu sambaza wa kukaanga, na anga la Goma linavyokuwa jekundu volkano ikiwaka. Walipiga makofi mpaka nikaona aibu.

Hata wazazi wa Naftali wangu walitoka Lakeville kuja kunisikiliza. Baba yake, Mzee Habimana, alitokwa na machozi, maana wao ni wa Kalehe na utoto wake wote alikiona kisiwa chetu ng'ambo ya maji. Nadhani mwaka huu watataka kuleta posa. Niombee.

Mwanao,
Héritière


Idjwi, 26 Machi 2023

Binti yangu,

Jambo. Mimi ni mzima, goti linauma likipenda. Ukuta wa jikoni ulianguka, nimeujenga mwenyewe, kwa hiyo usiuulize tena. Mwandiko huu ni wangu. Darasa la parokia limenifundisha herufi, halijanifundisha kuzinyoosha. Mwalimu ataipiga picha barua akutumie kwa simu.

Habari ya wageni imenifurahisha mpaka nikacheka peke yangu. Nimeshaanza kuchimba udongo. Kila mgeni atapata chungu cha mkono wangu, na maharagwe nitawapikia mimi. Siku hiyo nitakuwa gatini asubuhi na mapema, nimwambie kila apitaye kwamba hawa wametumwa na mtoto wangu.

Lakini kuna jambo. Video ya maneno yako ilifika huku, iko kwenye simu za watu. Muuza sabuni alinionyesha. Kiingereza sikijui, nikamwomba mwalimu anieleze. Anasema mama mmoja Mzungu alikuuliza ni nani waliokuwa wa kwanza kisiwani, nawe ukamjibu: "Ni Bambuti. Waliishi msituni zamani. Siku hizi hawapo tena."

Nilimwambia mwalimu hajui Kiingereza, akasikiliza tena, akasema ni hivyo hivyo. Watu waliotuzunguka pale walicheka. Héritière, mimi ni Mmbuti. Nilikuwa msichana tulipotolewa msituni Nyamusize, nikakua hapa, nikaolewa hapa, nikakuzaa hapa. Mchana huu nimekula ugali. Kwa hiyo nakuuliza kabla sijakasirika: mwalimu amekosea?

Mama yako


Saint Louis Park, 30 Aprili 2023

Mama,

Jambo. Natumaini hujaugua. Nimechelewa kujibu, na si kwa sababu ya kazi. Niliandika nikafuta, nikaandika tena.

Mwalimu hakukosea. Naona haya hata kuandika hivyo. Yule mama Mzungu, anaitwa Stacy, aliponiuliza, wazazi wa Naftali walikuwa wamekaa mstari wa mbele wananitazama. Tangu kambini Uganda, nilipokuwa mkimbizi, nimekuwa nikisema mimi ni Mhavu, kabila la marehemu Baba, na juu yako sikusema kitu. Naftali mwenyewe ananijua hivyo. Unawajua watu wa kwetu, Mama. Chungu cha Mmbuti watanunua, arusini watamwita acheze, lakini kikombe alichonywea hakuna atakayekigusa. Mama Naftali ni mtu mwema, ananiita binti yake. Ila siku moja jikoni kwake alisema juu ya Bambuti maneno ambayo sitakuandikia. Mimi niliendelea kuosha vyombo.

Sasa nina ombi baya. Wageni wakifika, tafadhali usije gatini. Nimeongea na mke wa pasta wa huko, Mama Uwineza. Amekubali kuwapokea na kusema yeye ndiye aliyenilea. Ni siku chache tu. Arusi ikishapita nitaweka mambo sawa, nakuahidi.

Nisamehe, Mama. Usiku silali vizuri.

Mwanao,
Héritière


Idjwi, 14 Mei 2023

Héritière,

Jambo. Mimi ni mzima.

Nimekubali. Gatini sitakuja.

Mama Uwineza alikuja kwangu, akasimama mlangoni, kukaa hakutaka. Aliniuliza ulipokuwa mdogo ulipenda chakula gani, ili wageni wakimwuliza awe na jibu. Nikamwambia viazi vitamu. Si kweli, viazi ulikuwa unavitema. Ulichokipenda sitampa yeye.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Tembea polepole.

Mama yako


Idjwi, 6 Agosti 2023

Héritière,

Jambo. Sina ugonjwa.

Wageni wako walikuja, wakapokewa vizuri, wakaimbiwa. Mimi nilikuwa nyumbani kama ulivyotaka. Lakini siku ya soko nilikwenda kuuza vyungu vyangu, maana kula lazima nile, na sokoni hukunikataza.

Stacy akaja mpaka kwenye mkeka wangu, mwalimu akimtafsiria. Jua lilikuwa kali. Nilikuwa nakunywa maji ya ndizi, akaonyesha kwa kidole kwamba naye ana kiu. Nikatafuta kikombe kingine, sikuwa nacho. Akachukua kile changu mkononi mwangu, akanywa mpaka mwisho, akapangusa mdomo. Wauzaji wote waligeuka kututazama. Mama Uwineza alikuwa nyuma yake, anatazama chini. Mzungu wa watu hakujua amefanya nini.

Akaniuliza mimi ni wa kabila gani. Nikasema Mmbuti. Akashangaa, akasema kule kwao waliambiwa tumekwisha. Nikasema aliyewaambia labda hakutazama vizuri.

Halafu akaniuliza kama nina watoto. Mama Uwineza akainua macho. Nikajibu sina. Mwalimu alisita, nikamwambia tafsiri. Nikampa Stacy chungu, pesa zake nikakataa.

Neno lako nimelilinda.

Vestine


Saint Louis Park, 10 Septemba 2023

Mama,

Jambo. Uko mzima? Nauliza hata kama hutaki kunijibu.

Wageni walitoa ripoti Jumapili kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Barua yako nilikuwa nimeshaisoma, na bado nilikwenda, nikawagawia watu chai, nikakaa karibu na Mama Naftali kama kawaida. Stacy akainua chungu chako, akasimulia juu ya bibi mkarimu wa sokoni, mpweke, asiye na mtoto hata mmoja. Alikuwa analia. Pasta akasema tufumbe macho tumwombee bibi huyo, Mungu awe mtoto wake.

Nilifumba macho, Mama. Nilisikia ukumbi mzima unakuombea kwa sababu yangu. Ilipofika amina haikutoka. Nikasimama nikasema, "Ana mtoto. Ni mimi. Vestine ni mama yangu, na mimi ni Mmbuti."

Hakuna aliyenitukana. Mama Naftali alikuwa na kikombe mkononi, chai niliyommiminia mimi. Alikiweka mezani taratibu, akakisukuma mbali kidogo kwa kidole. Hakukigusa tena. Naftali alinirudisha nyumbani na gari, na tangu siku hiyo hajapiga simu. Posa sidhani kama ipo.

Miaka yote niliona haya kuwa mtoto wako. Sasa naona haya kwa niliyoyafanya, na haya hii ya sasa ni mbaya zaidi kwa sababu naistahili. Nimeomba likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Nataka kuja, lakini sijui kama bado nina mlango kwako.

Mwanao, ukikubali,
Héritière


Idjwi, 22 Oktoba 2023

Héritière,

Jambo. Mimi ni mzima. Barua yako nilikaa nayo kwa makusudi. Nilitaka na wewe usubiri.

Wanasema mtoto akikunyea mkononi hukati mkono. Ni kweli. Ila hawasemi harufu inakaa muda gani.

Huyo mama aliyeacha chai, usimchukie sana. Yeye hanijui. Wewe ulinijua.

Bado nina hasira, sitakuficha. Lakini njoo. Panda boti ya siku ya soko, ile inayofika watu wakiwa wamejaa. Nitakuwa nimesimama mbele kabisa gatini. Uniite mama ukiwa bado ndani ya boti, kwa sauti, kila mtu asikie. Usiponiita, nitageuka nirudi nyumbani kwangu, na wewe utakwenda kulala kwa Mama Uwineza, akupikie viazi vitamu.

Mama yako