Tangi la Pili

Canora, Saskatchewan
24 Juni 1987

Mdogo wangu mpendwa Zenko,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa shambani, na ukishazipokea nijibu kwa ukweli na si kwa adabu: mgongo unaendeleaje? Uliandika wakati wa Pasaka kwamba sasa unainama vizuri na umerudi kuendesha greda, lakini mimi nakujua. Ulipovunjika mkono shuleni ulimwambia Mama umejibana na mlango tu. Mkeo Liza hajambo? Mwambie kitambaa alichonidarizia nimekiweka sebuleni na kila mgeni anakiulizia. Na binti yenu Olena, bado anakataa kuvaa viatu? Ile picha yake akiwa kwenye theluji nimeibandika kwenye friji. Baba akija kunywa kahawa hufungua mlango wa friji, husimama pale kwa muda mrefu, kisha huufunga bila kutoa kitu. Nikimuuliza anatafuta nini, husema maziwa. Maziwa yako mezani mbele yake.

Sisi tu wazima. Mume wangu Ervin aling'olewa jino wiki iliyopita na akalia kuliko watoto. Mvua imekuja kwa wakati, ngano imesimama vizuri, na maua ya zambarau aliyoyapanda Mama kando ya kisima mwaka huu yamechanua mpaka matawi yanainama. Nilikata machache nikayapeleka kaburini. Nyasi za pale nimezifyeka, usiwe na wasiwasi.

Habari kubwa ni kwamba Baba amenunua pikapu mpya. Najua huamini. Mtu aliyefunga bampa kwa waya kwa miaka sita ameingia dukani Yorkton akiwa amevaa koti la kanisani, akatoka na gari. Lakini si siku ile ile! Siku ile aligombana.

Nilikuwepo, ndiyo maana nakusimulia. Muuza magari alikuwa kijana mchangamfu anayeitwa Garth, na alikuwa na pikapu nzuri ya buluu iliyokuwa tayari pale uwanjani. Baba hakutazama viti wala redio. Alipiga magoti kwenye changarawe, akachungulia chini, akauliza tangi la mafuta linachukua lita ngapi. Garth akasema sabini. Baba akainuka, akajipangusa magoti, akasema halifai. Garth akamwambia kuna aina yenye matangi mawili, moja mbele na moja nyuma, na swichi kwenye dashibodi ya kuhama kutoka moja kwenda jingine, jumla lita mia na arobaini, ila hiyo ni ya kuagiza na kusubiri. Akaongeza kwa upole kwamba mzee wa kwenda ziwani na kurudi hahitaji mzigo wote huo wa petroli. Baba akasema atasubiri. Garth akacheka: “Mzee Pawluk, kwani unakwenda mwezini?” Baba akamjibu mwezini ni karibu, tena hakuna upepo.

Basi tulisubiri wiki nne, na kwa wiki nne kijiji kizima kilimfanyia mzaha. Nestor Bilous, unamkumbuka, jirani mwenye mdomo, kila akipita alipunguza mwendo na kumwita Baba kwa jina lake: “Metro! Umeagiza gari au kituo cha mafuta? Nije kujaza trekta?” Hata mimi nilimsema. Nilimwambia, Baba, ziwa la Good Spirit ni mwendo wa nusu saa, utafika na petroli ya kwenye njiti ya kiberiti. Aliendelea kufikicha mbegu za alizeti na kuangalia dirishani.

Halafu akaleta trela. Ni ya mtumba, ya wale wazee walimu wa Kamsack, nyeupe yenye mstari wa kijani ubavuni. Ina kitanda kimoja kikubwa na kingine kidogo, jiko la gesi la mafiga mawili na meza ya kukunja. Aliisugua kwa sabuni, akashona mapazia mwenyewe kwa mashine ya Mama. Mapazia yamepinda, lakini ole wako umwambie. Ndipo nikaanza kuelewa hesabu yake. Pikapu tupu inakwenda mbali kwa lita chache, lakini ukiifunga nyumba mgongoni inakunywa mara mbili, na upepo ukija wa mbele inakunywa zaidi. Tangi moja lingemfikisha kilomita mia mbili na kidogo, basi. Kwa huku kwetu, ambako kila mji una sheli, zinatosha kabisa. Nikajiuliza ni wapi anakotaka kwenda ambako hazitoshi.

Jibu nilikuwa nalo tangu Pasaka, ila sikuliona. Binamu yake Ervin, Clifford, yule anayeendesha lori la mizigo kutoka Whitehorse kuelekea kwenu, alikuja kula nasi. Baba, ambaye kwa miaka minane akitajiwa kaskazini huinuka kwenda kuangalia ng'ombe, safari hii alivuta kiti karibu naye. Akamuuliza kuhusu barabara ya Dempster, hiyo inayofika kwenu Inuvik. Clifford akamweleza kwamba ukishaiacha njia ya Dawson, hakuna sheli kwa karibu kilomita mia tatu na sabini, ni wewe na kunguru, na ukiishiwa unakaa hapo mpaka mtu apite, na pengine asipite. Baba akamuuliza mtu akikokota trela je. Clifford akasema basi awe na mafuta ya watu wawili.

Kisha Clifford akaendelea kuzungumza kama kawaida yake, na akafika kwenye habari za ule mto unaoikatiza barabara hiyo. Akasema kila mwaka kuna wiki kadhaa ambapo hakuna kupita kabisa: kivuko kimeshatolewa majini, na barafu bado ni nyembamba, haibebi hata mbwa. Yeye mwenyewe aliwahi kukwama ng'ambo na shehena ya mayai huku mkewe anajifungua upande wa pili. Meza nzima ilicheka. Baba hakucheka. Aliuliza, “Ni mwezi gani?” Clifford akasema inategemea, lakini Novemba ndio mbaya. Baba akauliza tena, taratibu, “Na ndege?” Clifford akasema ukungu wa barafu ukishuka, ndege hukaa chini siku tatu, siku nne, hata wiki.

Zenko, Baba aliweka uma chini. Akatoka nje bila kofia, akasimama kando ya ghala la ngano, na theluji iliyokuwa inayeyuka ikimdondokea kutoka kwenye paa mabegani. Nilitaka kumfuata, Ervin akanishika mkono akasema nimwache.

Unajua alichokuwa anakifikiria. Mama alipofariki ile Novemba, ulinipigia simu ukilia, ukasema mto haupitiki na ndege hairuki. Nilimwambia neno kwa neno. Akamwomba padri asubiri siku mbili, na siku zote mbili alikaa dirishani, na kila gari lililokunja kutoka barabara kuu aliinuka. Tulipotoka makaburini alisema mtu anayetaka kuja huja. Tangu hapo jina lako halikutamkwa nyumbani kwake. Kabla ya hapo alikuwa na hasira nawe kwa sababu ya kuacha shamba, lakini ile ilikuwa hasira ya kawaida, ya kugonga meza. Hii ya pili ilikuwa ya kimya. Mimi nilichoka kumweleza, na nadhani wewe ulichoka kuandika. Sikulaumu. Barua saba hazijajibiwa, nani angeandika ya nane?

Sasa nikwambie kilichotokea wiki iliyopita, maana ndicho kilichonikalisha hapa na kalamu.

Baba aliniomba nimsindikize kujaribu gari. Alikuwa ameijaza trela madebe ya maji ili iwe nzito kama ya safari, na akachagua siku ya upepo makusudi. Tulizunguka Yorkton, Kamsack, tukapanda mpaka Preeceville, tukarudi. Alikuwa anatumia tangi la kwanza peke yake, hadi liishe, ili ajue linaishia wapi hasa. Mashamba yalikuwa ya kijani pande zote, na mimi nilikuwa nakuwaza wewe, jinsi ulivyokuwa unakaa katikati yetu kwenye lile gari la zamani, ukipiga mluzi hadi Mama anakuomba unyamaze, na ukinyamaza yeye anaanza.

Karibu na nyumbani injini ikakohoa. Nikashika dashibodi. Mshale wa kipimo cha mafuta ulikuwa umelala chini kabisa. Baba hakuwa na haraka; aliiacha ikohoe, gari likaanza kulegea, kisha akanyoosha kidole akabonyeza swichi. Injini ikavuta pumzi, ikashika, tukaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Akasema, akiangalia barabara: “Lile ni la kwenda. Hili la pili ni la kurudi.”

Nikamuuliza kurudi kutoka wapi. Akasema kutoka mlangoni kwa Zenko.

Ndiyo, alilitaja jina lako, na akalitaja kama mtu anayelisema kila siku. Kisha akanieleza yote, na mimi niliogopa hata kukohoa asije akaacha. Kutoka Fort McPherson, penye sheli ya mwisho kabla ya mjini kwako, hadi kwako na kurudi hapo, alisema, ni karibu sawasawa na ile nyika isiyo na sheli. Akijaza matangi yote mawili hapo, anaweza kuvuka hadi Inuvik, akafika kwako, na kama hutamfungulia akageuza trela palepale barabarani na kuondoka, bila kumwomba mtu yeyote wa mjini kwako hata lita moja. Hataki watu unaofanya kazi nao waseme walimwona baba yake Zenko anaomba mafuta. “Asiaibike kwa ajili yangu,” alisema. Na trela ni kwa sababu hiyo hiyo. Ukimfungulia nusu mlango, atakunywa chai na kwenda kulala kwenye kitanda chake mwenyewe, hatamsumbua mkeo.

Nikamwambia, Baba, mpigie simu basi, si ameshakuandikia mara ngapi! Akasema kwenye simu ni rahisi mtu kusema usije. Nikamwambia hatasema hivyo. Akanijibu, “Mimi ningesema. Miaka minane ningesema.” Halafu akaniapisha nisikwambie. Nikaapa, mkono kwenye goti lake.

Ameondoka leo asubuhi, Zenko. Ndiyo, nimevunja kiapo kabla vumbi la gari lake halijatulia, na sijutii hata kidogo. Barua hii inapanda ndege. Yeye anakwenda na miaka sabini na moja, hapiti kilomita themanini kwa saa, na kila akiona ziwa atasimama kuchemsha kahawa. Itakufikia kabla yake. Kwa hesabu zangu atafika kwenye kivuko cha mto Peel, karibu na Fort McPherson, ndani ya wiki ya kwanza au ya pili ya Julai. Pikapu ni ya buluu. Mapazia utayajua kwa kupinda.

Naomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu. Nenda ukamkute Fort McPherson. Wazazi wa Liza si wako hapo? Kaeni kwao mkimsubiri. Usimwache afanye ule mwendo wa mwisho peke yake, akiangalia mshale na kupima kama mafuta yatatosha kurudi. Mwambie umepita tu, umekuja kuwaona wakwe. Atajua unadanganya, haidhuru. Na usianze na habari za shamba wala za mazishi. Ataanza mwenyewe, na akianza atakwenda vibaya, atazungumzia matairi kwanza. Mvumilie.

Nilitamani kwenda naye. Kiti cha pembeni kilikuwa wazi, akaniangalia, nikamwangalia, lakini majani ya ng'ombe yanangoja kukatwa na watoto wana mitihani. Kwa hiyo nilimfungia pyrohy za unga uliojazwa viazi kwenye sanduku la barafu, nikasimama getini na aproni yangu. Nilikuwa nimesimama getini vilevile siku uliyoondoka wewe. Hii ni mara ya pili namsindikiza mtu kuelekea huko, na sijui huko kukoje. Usiku unakuwaje pale ambapo jua halitui? Mna mti wowote? Siku moja utanionyesha.

Alipokwisha kuwasha injini alishusha kioo akaniita nirudi. Nikadhani amesahau dawa. Akaniuliza, bila kuniangalia, kama yule mtoto anajua kwamba ana babu. Nikasema sijui. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akapandisha kioo, akaenda.

Kaa naye Olena kidogo jioni ya leo, umwambie.

Ervin na watoto wanakusalimu, na Nestor Bilous pia, ambaye asubuhi hii alisimama barabarani kofia mkononi na hakutania. Msalimie sana Liza na wazee wake. Mungu awalinde, na amlinde aliye njiani.

Ni mimi dada yako anayekukumbuka kila siku,

Darka