Nukta Tatu Chini ya Sufuria

Ni mwaka mmoja sasa tangu nyundo yako inyamaze, Fundi Ziba. Majirani wanasema mtaa umetulia. Mkeo anasema umetulia kupita kiasi, maana mchana uligonga bati na usiku ukakoroma kwa mdundo uleule, naye alishazoea.

Tunaikumbuka mikono yako yenye makovu. Hukumrudisha mtu aliyeleta chombo kilichotoboka. Chai yako uliinywa ikiwa imepoa, kwa kuwa kila mpita njia alikuwa na la kusema na wewe ulikuwa na masikio.

Zaidi tunakumbuka sufuria zako tatu kubwa, ulizowaazima watu wa mtaa kila sikukuu. Ya nukta moja ilikuwa yetu ya Idi, ya nukta mbili ya Wakristo kwa Krismasi, ya nukta tatu ya Wahindu kwa Diwali, na hiyo ya tatu haikuwahi kuona nyama hata kwa picha. Nukta ulizipiga chini kwa msumari. Sufuria haikuvuka mlango kabla hujaipindua. "Hesabu, kaka," ulimwambia mpishi wa hekalu, naye alihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ulipoondoka, kazi hiyo ikamwangukia mkeo. Diwali ilipofika alikuwa ameikalia miwani yake ikavunjika. Akaona aibu kusema. Akapapasa chini ya sufuria kwa kidole: moja, mbili, tatu. Vijana wa hekalu wakaibeba, wakaenda zao.

Saa nne asubuhi mkamwanao alikuwa anaosha zilizobaki uani. Akasema, "Mama, mbona hii ndiyo yenye tatu?"

Mkeo aliketi palepale kwenye maji. Kumbe cha tatu alichokipapasa hakikuwa nukta. Kilikuwa kiraka chako wewe, Fundi, kando ya nukta mbili za sufuria iliyopikiwa ng'ombe wa Krismasi.

Na wiki ile si unaijua? Hukuijua, ulikuwa umepumzika. Jiwe lilikuwa limetupwa juu ya paa la hekalu, na hakuna aliyejua limetoka mkono gani. Watu waliacha kusalimiana. Simu zilijaa maneno ambayo mtu hawezi kuyasoma mbele ya wajukuu.

"Nyamaza, Mama," mwanao alisema, akafunga mlango. "Chakula kiko motoni. Nani atajua?"

"Mimi."

"Watasema tumefanya kusudi! Wiki hii? Watatuchomea nyumba."

"Wakichoma, baba yako atakuwa amebahatika kuondoka mapema," alisema mkeo. Alitania kwa sababu meno yalikuwa yanagongana, na alitaka yapate kazi ya kufanya.

Akaenda. Unayajua magoti yake. Barabara ile ya kutembea kidogo tu aliiona haina mwisho, na kila dirisha lililofungwa aliona linamchungulia. Mara mbili aligeuka arudi. Mara ya pili alikuwa tayari ameanza kurudi, akakumbuka ulivyokuwa ukipindua sufuria, akaona haya.

Jikoni nyuma ya hekalu dengu zilikuwa zinatokota. Mpishi akafurahi kumwona. "Karibu shemeji! Umefuata harufu?"

"Shemeji, ipua."

"Nini tena?"

"Sufuria hiyo ilipikiwa nyama. Nimekosea mimi. Ipua."

Mwiko ukasimama. Mmoja wa wanaume waliokuwa wakimenya viazi akainuka na kisu mkononi. "Si niliwaambia? Wametuma bibi kizee ili tusiseme kitu!"

Mkeo hakuona kingine ila kile kisu. Alitaka kukimbia, miguu ikakataa. Ndiyo heri ya magoti mabovu.

Mpishi akaipua sufuria. Kisha akamwambia yule mwanaume, "Kaa chini, menya. Aliyekusudia huwa haji kutuambia huku anatetemeka."

Dengu zikatolewa nje ya ukuta, zikaliwa na wale ambao dini yao haikugombana nazo. Mara tukamwona mwanao, yuleyule wa "nyamaza", anakuja na sufuria ya nukta tatu kichwani, jasho linamtoka. Yule mama wa kwaya wa nyumba ya pili akaacha mazoezi akaja na kisu chake kumenya viazi. Watu walikula saa tisa badala ya saa sita, na walinuna, usidhani hawakununa.

Hofu haikuisha siku ile. Miezi mizima mlango ukigongwa, mkeo alishika kifua. Aliogopa moto, aliogopa mawe, na kubwa kuliko yote aliogopa kwamba hakuna atakayekuja tena kuazima, na sufuria zako zitalea buibui.

Wiki iliyopita mlango uligongwa. Mpishi. Wana sikukuu yao nyingine. Mkeo akavaa miwani mipya, akainama aipindue sufuria, lakini mpishi alikuwa ameshainyanyua begani.

"Shemeji, hesabu kwanza!"

"Ulishahesabu wewe," akasema, akatoka.

Mkeo alimfuata hadi kwenye kona, akichungulia chini ya sufuria ile begani. Zilikuwa tatu, Fundi. Amezihesabu mara nne.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao, mkamwanao, wajukuu zako, mama wa kwaya, na kaka yako wa jikoni hekaluni. Daima tutakukumbuka, kila tunapopindua sufuria, na zaidi pale mtu anapokataa kuipindua.